Mikono Inayojua Kufuta

Mwaka wa fedha wa Australia hufungwa tarehe 30 Juni. Julai ikiingia, ofisi ndogo za wahasibu za Parramatta na Auburn, magharibi mwa Sydney, hujaa watu waliobeba mifuko ya risiti, kila mmoja akitaka kujua atalipa kodi kiasi gani au atarudishiwa kiasi gani. Msongamano huo ukipungua, kama Agosti hivi, huanza kazi nyingine ambayo mteja haioni na pengine hajui kwamba ipo. Mweka hesabu hufungua faili la kampuni lenye shughuli za miaka ishirini na zaidi, akaamua lipi libaki mkononi, lipi liende ghalani, na lipi lifutwe lisionekane tena. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Nimekaa karibu na mtu anayeifanya vizuri, na sijaona sehemu nyingine ya uhasibu inayodai akili na uaminifu kwa pamoja kiasi hicho.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitazama kwa wasiwasi tendo la kufuta kumbukumbu. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka Kenya walichoma nyaraka nyingi, na nyingine wakazisafirisha kimyakimya hadi kwao. Hizo zilizosafirishwa zilikaa mahali paitwapo Hanslope Park, na ulimwengu ukaja kujua mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Kwa hiyo mtu akituambia "nimefuta", sikio letu husikia "nimeficha". Ufundi ninaousifu umekaa upande wa pili kabisa. Mtu anafuta, na baada ya kufuta mkaguzi yeyote anaweza kuja kuuliza nini kilitoka, kilitoka lini na kwa idhini ya nani, akapewa jibu kwa maandishi siku hiyohiyo.

Mweka hesabu ninayemsema ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, aliyesajiliwa kuwa wakala wa BAS, ile taarifa ya kodi ambayo biashara nyingi hapa huipeleka kila robo mwaka. Wateja wake karibu wote ni watu wa kwetu: Wakenya wenye kampuni za usafi, Wakongo wenye maduka ya vyakula Blacktown, Warundi wenye malori. Vijana humwita mama, mimi humwita dada. Faili nililomkuta nalo lilikuwa la duka la jumla la mchele, unga na viungo, na lilianza kuandikwa mwaka mmoja kabla ya GST, kodi ya asilimia 10 iliyoanza tarehe 1 Julai 2000. Kodi hiyo ndiyo iliyowasukuma wafanyabiashara wadogo wa nchi hii kuacha daftari la karatasi na kununua programu. Wengine walichukua MYOB ya Melbourne, wengine QuickBooks, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa nchini humu na Reckon, kampuni ya Sydney iliyoanzishwa mwaka 1987.

Programu za kizazi kile huweka kila kitu ndani ya faili moja: kila ankara, kila risiti, kila jina la mteja aliyenunua kilo tano za dengu akatoweka. Faili hukua na halipungui lenyewe. Matoleo ya kawaida ya QuickBooks ya kompyuta yana kikomo cha majina 14,500, wateja, wauzaji na wafanyakazi wakihesabiwa pamoja, na kikomo kikifikiwa hakuna jina jipya linaloingia. Kabla ya hapo mtumiaji huwa ameshaanza kuona dalili. Ripoti zinachelewa, nakala rudufu inachukua nusu saa, na siku umeme ukikatika katikati ya kazi faili linaweza kuharibika. Katika duka lile, mtu akiomba orodha ya wadaiwa alikuwa na nafasi ya kwenda kutia chai na kurudi.

Mwenye duka alitaka jambo rahisi. "Mama, ya zamani futa yote, miaka saba imeshapita." Alikuwa ameisikia hiyo saba mahali fulani, na hakuisikia vibaya. Sheria ya Makampuni ya Australia ya mwaka 2001 inataka kumbukumbu za fedha zitunzwe miaka 7. Kumbukumbu za wafanyakazi nazo ni miaka 7. Sheria ya kodi ya mapato inataka 5, kama zinavyotaka sheria za kodi za Kenya na Tanzania, ndiyo maana wengi waliofanya kazi ya uhasibu Nairobi au Dar es Salaam hufika hapa na tano vichwani mwao. Mtu wa haraka huchagua namba kubwa kuliko zote, akakata kila kilicho nyuma yake.

Dada hakukata. Alichukua karatasi akaanza kuandika, kwa kila aina ya kumbukumbu, saa yake ilianza kuhesabu lini. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Ankara ya umeme ya 2008 saa yake ilishakwisha zamani. Lakini ghala lilinunuliwa mwaka 2003, na Australia ina kodi ya faida ya mtaji kwa mali zilizopatikana kuanzia tarehe 20 Septemba 1985, tarehe ambayo kila mhasibu wa hapa anaikumbuka. Bei ya kununulia, ada ya wakili, ushuru wa stempu, gharama ya paa jipya, vyote hivyo vinapunguza kodi siku ghala litakapouzwa, na kumbukumbu zake lazima zitunzwe mpaka miaka 5 baada ya mauzo. Ghala halijauzwa. Saa ya karatasi za 2003 haijaanza kabisa.

Kisha hasara. Miaka miwili ya mwanzo duka lilipata hasara, na hasara hiyo ilikuwa ikibebwa kwenda mbele kupunguza kodi ya miaka ya faida. Maadamu sehemu ya hasara haijatumika, karatasi zinazoithibitisha ziko hai hata zikiwa na umri wa kijana mwenye ndevu. Kisha wafanyakazi. New South Wales, jimbo la Sydney, ina sheria ya mwaka 1955 inayompa mfanyakazi likizo ya utumishi mrefu, miezi miwili ya malipo akitimiza miaka 10 kwa mwajiri mmoja. Pale dukani kuna dereva aliyeanza kazi 2009 na bado yupo. Ukifuta mwaka wake wa kwanza kwa sababu saba imepita, umefuta ushahidi wa siku aliyoanza, na siku atakapodai haki yake atabaki na neno lake dhidi ya kompyuta. Kwenye ile karatasi dada alilipigia mstari jina la dereva mara mbili.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia. Sheria inataka kumbukumbu za kodi ziwe kwa Kiingereza, au ziwe zinageuzika kuwa Kiingereza kwa urahisi. Mwenye duka alikuwa na mazoea ya kuandika maelezo ya mikopo kwa Kiswahili ndani ya ankara: mzee wa Fairfield, magunia matatu, atalipa baada ya harusi. Dada aliyapitia maelezo ya miaka ambayo bado inahitajika, akaongeza mstari wa Kiingereza chini ya kila moja, bila kugusa maneno ya asili. Alifanya hivyo jioni baada ya jioni. Hakuna aliyemlipa kwa mistari ile, na hakuilalamikia.

Alipokwisha kujua umri wa kila kitu, ndipo akagusa kompyuta. Kwanza alitoa ripoti: urari wa tarehe 30 Juni 2015, ambayo ndiyo tarehe aliyochagua kukata, orodha ya wadaiwa na wadai kwa umri wa madeni, ulinganisho wa benki, thamani ya mali ghalani, ripoti za GST. Alitoa pia urari wa siku ile ile aliyokuwa akifanya kazi. Zote alizihifadhi kwa PDF, na urari akauchapa kwenye karatasi. Kisha bakapu, moja kwenye diski ya nje na nyingine mahali pengine kabisa, nje ya jengo lile. Halafu akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Alichukua kompyuta nyingine, akaifungua ile bakapu pale, akaingiza nywila, akatoa urari upya na kuulinganisha na wa kwanza. Nilimwuliza kama hiyo si kazi ya kurudia. Akanijibu, "Bakapu usiyoifungua ni tetesi, mwanangu."

Kusafisha kwenyewe hufanywa juu ya nakala. Faili halisi halikuguswa mpaka nakala ilipopita majaribio yote. Katika QuickBooks ya kompyuta, kwa mfano, programu hutengeneza kwanza faili la ghala lenye kila kitu, kisha huondoa shughuli zilizofungwa za kabla ya tarehe uliyochagua, na mahali pake huweka maingizo ya muhtasari, moja kwa kila mwezi. Ankara elfu moja za Machi 2004 hugeuka kuwa ingizo moja lenye jumla zilezile. Salio la kila akaunti halitakiwi kubadilika hata senti.

Lakini programu ina hadhari yake, na hapo ndipo ufundi wa binadamu unapotafutwa. Haiondoi ankara isiyolipwa. Haiondoi hundi ambayo haijapita benki. Wala haiondoi shughuli iliyofungamana na nyingine ambayo haiwezi kuondoka: malipo yaliyogawanywa kwa ankara tatu, moja ya hizo ikiwa bado wazi, yatabaki pamoja na ankara zote tatu. Mnyororo mzima unashikiliwa na pete moja. Baada ya jaribio la kwanza, nakala ilipungua kidogo mno, na dada akaketi kutafuta pete zenyewe.

Moja ilikuwa ya senti 18. Ankara ya 2014 ilikuwa na mabaki hayo kwa sababu ya kukadiria GST juu au chini, na kwa senti 18 hizo malipo makubwa ya mteja yalikuwa yamekwama pamoja na ankara zake zote za robo mwaka. Njia halali ni kuziandika kama deni lisilolipika, kwa tarehe ya mwaka ulio wazi. Lakini ukifanya hivyo, ankara ya 2014 inafungamana na ingizo la leo, na programu inaendelea kuushikilia mnyororo kwa sababu ncha yake iko upande huu wa tarehe ya kukata. Ingekuwa rahisi kurudisha tarehe nyuma, kuandika Juni 2014, na mnyororo mzima ungeanguka mara moja. Ni senti 18. Ofisi ya kodi isingeliona kamwe.

Alikataa. Mwaka 2014 ulishafungwa na taarifa yake ikapelekwa, na mwaka uliokwisha kutangazwa haurudiwi kuandikwa. Aliziandika senti 18 kwa tarehe ya siku ile, akauacha mnyororo ukae ndani ya faili, na kwenye rejista yake akaandika namba za ankara zilizobaki na sababu ya kubaki kwake. Faili lilikuwa kubwa kidogo kuliko ambavyo lingekuwa. Mimi nauona uamuzi huo kuwa kipimo cha kazi nzima, maana usafi wa faili ni jambo zuri, ila hauna haki ya kuila kweli ya mwaka uliopita.

Pete nyingine ilikuwa hundi ya dola 412 na senti 60, marejesho kwa mteja mmoja mwanamke aliyerudisha bidhaa mwaka huohuo wa 2014. Hakuwahi kuipeleka benki. Australia hundi huchacha baada ya miezi 15, kwa hiyo benki haingeilipa tena, na mtu asiyejali angeifuta, akaongeza dola hizo kwenye mapato ya duka, mambo yakaisha. Fedha zile hata hivyo ni za mwenyewe. Dada alipiga simu ya zamani, haikuita. Akauliza watu wa msikiti wa Auburn na wa kanisa moja la Blacktown. Alipokosa habari alifuata sheria ya New South Wales, inayotaka fedha ya mtu iliyokaa miaka 6 bila kudaiwa ipelekwe Revenue NSW, ofisi ya mapato ya jimbo, ambako mwenyewe au warithi wake wanaweza kuidai. Ilipopelekwa, ndipo hundi ikafungwa kwenye vitabu.

Niliketi naye siku ya kulinganisha. Karatasi mbili za urari zililazwa mezani ubavu kwa ubavu, kabla na baada. Mimi nilisoma tarakimu kwa sauti, yeye akashusha rula mstari kwa mstari na kutia alama ndogo ya penseli. Benki, sawa. Wadaiwa, sawa. Mali ghalani, hapo alisimama, akafungua ripoti ya bidhaa na kuhakiki bei ya wastani ya mchele, kwa sababu shughuli za manunuzi zikitoka vibaya thamani ya gunia lililobaki inaweza kuhama bila jumla kuonyesha kitu. Ilikuwa sawa. GST iliyokusanywa, GST iliyolipwa. Faida iliyolimbikizwa, akaunti ambayo ndiyo hukusanya makosa yote ya watu waliotangulia, aliihakiki mara mbili. Tulipofika chini ya ukurasa, debiti na krediti zilikuwa zilezile za asubuhi. Hakutabasamu wala kupumua kwa nguvu. Aliandika tarehe pembeni ya karatasi na kutia sahihi.

Kuna msemo wa wafanyabiashara wetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaoutaja huwa wanafikiria uandishi wa kila siku. Mimi sasa huufikiria pia pale ambapo daftari lipo na hakuna anayeweza kulifungua. Faili la ghala la 2015 linahitaji programu ya toleo fulani, na programu hiyo inahitaji mfumo wa kompyuta wa kizazi chake. Miaka kumi ikipita, faili linaweza kuwa zima kabisa na bado likawa halisomeki. Kwa hiyo pamoja na faili lenyewe dada aliweka ripoti za PDF, leja nzima kwa muundo wa jedwali ambalo programu yoyote inalisoma, na karatasi yenye jina la programu, namba ya toleo na aina ya kompyuta. Nywila aliifunga kwenye bahasha ndani ya sefu ya duka, kwa sababu mwenye kumbukumbu zilizofungwa kwa siri anatakiwa aweze kuzifungua mbele ya ofisi ya kodi zikihitajika.

Wengi wangeishia hapo wakidhani kazi imekwisha, ilhali ilikuwa imefika nusu. Faili la ghala bado lina majina yote ya zamani, anwani, namba za akaunti za benki, na namba za kodi za watu walioacha kazi miaka mingi iliyopita. Kuhamisha taarifa kutoka chumba kimoja kwenda kingine hakuzifuti.

Wakazi wa Sydney walijifunza somo hili kwa uchungu. Mwezi Septemba 2022 Optus, kampuni ya simu yenye makao yake Macquarie Park, ilitangaza kwamba wezi wa mtandaoni wamezifikia taarifa za watu wanaokaribia milioni 10, wakiwemo wateja waliokwisha kuihama. Miezi michache baadaye, mwaka 2023, ikawa zamu ya Latitude, kampuni ya mikopo, rekodi zipatazo milioni 14, nyingine za tangu 2005. Majirani zangu walisimama kwenye foleni kubadilisha leseni za udereva kwa sababu ya mkataba wa simu waliousahau. Kilichoibwa hakikuwa na kazi tena kwa kampuni, ila hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kukiondoa. Sheria ya Faragha ya 1988 inazitaka taasisi inazozigusa ziharibu taarifa binafsi zisizohitajika tena, au ziondoe utambulisho wake, na baada ya tukio la Optus Bunge liliongeza faini hadi dola milioni 50 na hata zaidi kwa makosa makubwa. Biashara ndogo nyingi ziko nje ya sehemu kubwa ya sheria hiyo, lakini kanuni ya namba za kodi inazihusu zote: namba ya mfanyakazi isipohitajika tena kisheria, iharibiwe kwa njia salama.

Dada hulipa faili la ghala siku yake ya kufa tangu linapozaliwa. Kwenye rejista, mbele ya kila faili, kuna safu ya tarehe ya kuangaliwa upya, na mbele yake safu ya yale yatakayotolewa kabla ya faili kuteketezwa: karatasi za ununuzi wa ghala, tarehe ya dereva, hasara ambayo haijaisha. Kisha huenda kuwinda nakala. Hii ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote, nami nilimshangaa kwa uvumilivu wake. Alikuta bakapu za mwaka 2010 kwenye diski mango ndogo ndani ya droo ya mizani, nyingine kwenye kompyuta ya mtoto wa mwenye duka, na orodha ya mishahara iliyotumwa kwa barua pepe kwa mhasibu wa zamani ikiwa bado kwenye folda ya zilizotumwa. Kila moja aliiandika, akaiondoa, na mwenye duka akatia sahihi. Karatasi zilikwenda kwa kampuni ya kukatakata nyaraka inayotoa cheti. Diski zilivunjwa, kwa sababu kubonyeza kitufe cha kufuta huondoa njia ya kulifikia faili huku faili lenyewe likibaki pale mpaka liandikwe juu.

Vijana wanaoanza biashara leo hawana faili la kuketi kwenye meza. Hutumia Xero ya New Zealand au programu nyingine za mtandaoni, na huko hakuna kitufe cha kufyeka miaka ya nyuma. Jina la mteja linaweza kuwekwa kando, ankara inaweza kubatilishwa, basi. Wengine hudhani ufundi huu umekufa. Kwa maoni yangu umehamia mlango mwingine: siku unapoacha kulipia programu, ndiyo siku ya kujua kama ulitoa leja yako nje kabla, maana sheria haitakuuliza programu yako ilikuwa ya nani. Na namba za kodi za watu walioondoka zimo kulekule, zinamsubiri mtu wa kuzikumbuka.

Australia ina haki ya kujivunia fikra hizi. Mwaka 1996 ilitoa kiwango cha taifa cha usimamizi wa kumbukumbu, AS 4390, na kiwango hicho kikawa msingi wa kile cha kimataifa, ISO 15489, kilichotoka mwaka 2001. Hapa New South Wales, sheria ya mwaka 1998 inakataza ofisi ya umma kuharibu kumbukumbu bila idhini, na zile zinazochaguliwa kubaki milele huenda Kingswood, karibu na Penrith. Jimbo lilijifunza mapema hasara ya kupoteza bila kuchagua. Tarehe 22 Septemba 1882 jengo kubwa la maonyesho lililoitwa Garden Palace, ndani ya bustani ya mimea ya Sydney, liliteketea kwa moto, na pamoja nalo zikaungua karatasi za sensa ya 1881 zilizokuwa zimehifadhiwa humo. Moto haukuuliza umri wa karatasi.

Upande wa pili kuna kadi za njano za Tooth. Hiki kilikuwa kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1835 pale Broadway, na kwa miongo mingi makarani wake waliandika kwenye kadi mauzo ya kila baa waliyoihudumia Sydney na jimboni, wakibandika na picha ya jengo. Ni hesabu za biashara tu, za aina ambayo mtu angeifuta bila kusita baada ya miaka saba. Leo ziko kwenye hifadhi ya Noel Butlin huko Canberra, na mwanahistoria wa mtaa anayetaka kujua kona fulani ya Sydney ilikuwaje kabla ya vita huenda kuzitazama.

Mfano huo ndio dada aliouweka mbele ya mwenye duka, siku ya mwisho, walipofika kwenye daftari la karatasi la 1999, lililoandikwa kabla ya programu kununuliwa. Kisheria halikuwa na kazi tena. Kurasa zake zinazothibitisha hasara zilikuwa zimeshanakiliwa. Lakini ndani yake mna bei ya gunia la mchele mwaka ule, majina ya familia zilizofika Auburn bila kazi na kukopeshwa unga, na siku ambayo kila moja ilimaliza kulipa. Yeye alipendekeza litunzwe, na baadaye litolewe kwa Maktaba ya Jimbo iliyopo Macquarie Street kama itakubali kulipokea. Mwenye duka alisita kwa ajili ya majina. Alisema baadhi ya wazee wale wako hai, na deni la mtu hata likilipwa ni siri yake. Walibishana kidogo, kwa adabu. Waliafikiana kwamba daftari libaki kwenye sefu, na lisifunguliwe na mtu wa nje maadamu yeyote aliyetajwa ndani yake angali hai. Dada aliliandikia mstari wake kwenye rejista, na kwenye safu ya tarehe ya kuteketezwa akaandika: hakuna.